Ricoh GXR na zumu ya hatua tano

Kwa muda sasa nimekuwa nikipiga picha kwa Ricoh GXR, kamera ndogo ya dijitali iliyotangazwa mwaka 2009 ikiwa na muundo usio wa kawaida. Mtumiaji habadilishi lenzi peke yake, bali hubadilisha kipande kizima ambacho ndani yake mna lenzi, kihisi cha picha na kichakataji chake. Mwili unaobaki mkononi una skrini, vitufe, betri, flashi na nafasi ya kadi, lakini bila kipande hicho hauoni chochote. Kipande hutelezeshwa kwenye mwili hadi kishike, nacho kwa kuwa kimefungwa kabisa, vumbi halipati njia ya kukifikia kihisi wakati wa kubadilisha.

Kipande ninachokitumia zaidi ni S10, chenye lenzi ya zumu inayoona sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 72 katika kamera ya filamu ya kawaida; namba ndogo huonyesha eneo pana, na kubwa huvuta kitu karibu. Nilikipokea kwa mashaka, kwani nilikuwa nimezoea lenzi isiyovuta na niliamini kwamba zumu humfanya mpigapicha asimame mahali pamoja na kuuachia mkono kazi ya miguu. Ndivyo ilivyokuwa wiki za mwanzo: nilivuta na kurudisha hadi kitu kikae vizuri ndani ya fremu, kisha nikabonyeza, na picha zangu zote zikawa kama zimepigwa na mtu aliyeegemea ukuta.

Kilichobadilisha hali hiyo ni chaguo moja lililofichika kwenye menyu, yaani zumu ya hatua. Ukiiwasha, lenzi haisimami popote unapoachia kitufe, bali husimama kwenye 24, 28, 35, 50 na 72 tu. Sasa kabla ya kuinua kamera ninaamua kwanza nataka mtazamo gani, ninaweka hatua yake, kisha ninasogea mwenyewe mbele au nyuma. Kwa uso wa mtu ninaweka 72 na kumpa nafasi, maana nikimkaribia kwa 24 pua hutangulia na masikio hurudi nyuma, jambo ambalo hakuna anayelishukuru. Kwa chumba chembamba ninaweka 24, ila ninahakikisha kamera imenyooka ili kuta zisionekane zikiinama.

Kuna gharama ya kuvuta. Tundu la lenzi hufunguka hadi f/2.5 kwenye upande mpana (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), lakini kwenye 72 hufika f/4.4 tu, maana yake nuru inayopita ni kama theluthi moja ya ile ya mwanzo. Kamera huongeza ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi nuru, au muda wa kufungua shata, na kihisi hiki ni kidogo, kwa hiyo chembechembe huanza kuonekana mapema. Mimi sipendi kuvuka ISO 400. Mfumo wa kutuliza mtikisiko husaidia kwa vitu vilivyotulia, ila haumzuii mtoto anayekimbia asitoke kama moshi. Jioni, basi, hubaki kwenye 24 au 28 na kusogea.

Kihisi kidogo kina fadhila yake pia. Kwenye upande mpana urefu halisi wa fokasi ni milimita 5.1 tu, hivyo karibu kila kitu huwa wazi, kuanzia jiwe lililo miguuni hadi mlima wa mbali. Anayetaka usuli uliofifia atavunjika moyo, isipokuwa katika picha za karibu kabisa, ambapo lenzi hii hukubali kufika sentimita 1 kutoka kwenye kitu. Umbali huo ni mfupi mno hata kamera hukitia kivuli kitu chenyewe, nami hulazimika kugeuka hadi nuru ije kutoka ubavuni.

Mwaka 2012 kilitoka kipande kingine cha zumu, A16, cha milimita 24 hadi 85 na chenye kihisi kikubwa cha pikseli milioni 16. Ubora wake wa picha unazidi wa S10 kwa mbali, sibishi, lakini ukikifunga kamera haiingii tena mfukoni, na mimi picha zangu nyingi huzipata siku ambazo sikupanga kubeba kamera.