Ukosi Uliopishana Milimita Mbili

Ilikuwa Juni 2014 mjini Kyoto, Japani, katikati ya msimu wa mvua, na hewa yenye unyevu hivyo si rafiki wa gundi. Mezani palikuwa na nakala ya omocha-e, picha za kuchezea zilizochapwa kwa vibao vya mbao ili watoto wazikate na kuzigundisha. Utagawa Yoshifuji (1828–1887) alichora nyingi hata akabandikwa jina la Yoshifuji wa Vichezeo. Zilizosalia ni chache. Nyingi ziliishia kwenye mkasi, kama zilivyokusudiwa.

Yetu ilikuwa ya bakemono, yaani kitu kinachojigeuza: msichana aliyevaa kimono, kumbe ni rokurokubi, zimwi la shingo ndefu. Vipande ni viwili tu. Cha chini kina mwili na ile shingo inayopanda kama moshi. Cha juu kina kichwa cha kawaida, nacho hushikizwa kushoto kwa ukingo wa milimita 5, kikafunguka kama mlango. Ujanja wote uko kwenye ukosi: mistari yake isipokutana, jicho huona mshono kabla ya kuona zimwi.

Gundi ilikuwa ya wanga wa ngano, kipimo kimoja kwa vitano vya maji, ikapikwa dakika 20 huku ikikorogwa, ikapoa, ikachujwa, kisha ikazimuliwa hadi wepesi wa maziwa. Ikiachwa nzito, hupasuka kwenye mkunjo. Hapo hatukukosea.

Tulikosea kwa kukata mapema. Tulitenganisha vipande, kisha tukakilaza cha juu kwa ubavu ili kubana matumizi ya karatasi nene ya kugundishia nyuma. Karatasi ikilowa hutanuka zaidi kwa kukingama nyuzi zake, nayo ikikauka imeshikwa hairudi yote. Tulipofunga mlango, ukosi ulikuwa umepishana milimita 2.

Mzee mchapaji aliyekuwa akitufundisha alicheka kidogo. "Gundisheni ikiwa nzima," akasema, "nyuzi zielekee upande mmoja. Ikitanuka, itanuke yote."

Tukaanza upya. Karatasi nzima ikalala usiku kucha kati ya mbao mbili zenye uzito juu. Asubuhi ndipo kisu kikapita, na mkunjo ukapigwa mstari kwa kipande cha mfupa kabla ya kukunjwa. Ukosi ukakutana.

Kile kilichoharibika kingali kwenye bahasha. Ukikifungua taratibu, shingo huanza kuchungulia kabla kichwa hakijaondoka.