Siku moja ya fundi chokaa, Mji Mkongwe

Saa 12:30 asubuhi. Taa zote zinazimwa, madirisha yanafunguliwa, ndipo natazama mwanga unapofika wenyewe. Vyumba vya nyumba hizi za Unguja ni vyembamba kwa sababu dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya kupita mita tatu hivi ni adimu. Kuta nazo ni nene, kama nusu mita. Mwanga mwingi wa ndani ni ule uliogonga ukuta wa uani kwanza, kwa hiyo ua ndio hupakwa kabla ya vyumba.

Saa 1. Chumba cha kwanza kina rangi ya plastiki, na chokaa haishiki juu yake. Inakwanguliwa yote, kisha ukuta unarushiwa maji: yakiteleza, rangi bado ipo, yakinywewa, tayari. Unga mweupe wa chumvi unatolewa kwa brashi kavu, maana ukiuosha unayeyuka na kurudi ukutani. Viraka vya saruji navyo vinabanduliwa kwa patasi. Saruji hufungia unyevu, unyevu unakimbilia pembeni, na plasta ya jirani inaanza kumomonyoka. Kiraka kipya ni chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka lisizidi milimita 12.

Saa 3. Chumba cha pili, ambacho viraka vyake vimeshakauka, kinapakwa leo. Chokaa iliyolowekwa miezi kadhaa ndiyo bora. Ile ya mfuko ilale kwenye maji usiku mzima angalau. Ndoo moja ya chokaa nzito kwa mbili za maji, inachujwa kwa kipande cha chandarua mpaka iwe kama maziwa. Miwani na glavu ni lazima, chokaa inaunguza. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi papo hapo, kisha hospitali.

Ukuta unaloweshwa kwanza. Ukiwa mkavu, unanyonya maji ghafla, na kesho ukipitisha kiganja kinatoka cheupe. Brashi pana, si rola, mkono mwepesi wa kupishanisha wima na mlalo. Ikiwa mbichi chokaa haionekani kabisa, plasta yote inachungulia, na hapo ndipo wengi huharibu: wanaifanya nzito ili ifunike leo leo. Nzito hupasuka na kubanduka magamba. Weupe huja inapokauka, tena kwa mikono, yaani tabaka za kupaka, minne au mitano, mmoja kwa siku.

Saa 7. Jua likiingia moja kwa moja, dirisha linaegeshwa ili ukuta usikauke haraka. Mchana huu ni wa boriti. Ncha zinazoingia ukutani zinachomwa kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, mti umeoza au una mchwa, na kazi ya rangi isimame hadi boriti ibadilishwe. Zilizo nzima zinapigwa brashi tu. Kati yake panapakwa chokaa, na dari inaonekana imepanda.

Saa 10. Zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zinapakwa weupe mtupu, bila rangi ya udongo tunayotia kidogo ukutani. Humo inafichwa balbu ya LED ya wati 9, ya 2700 hadi 3000 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga: namba ndogo ni wa manjano, kubwa ni mweupe wa baridi), ikielekea juu. Ile ya 6500 K, kwa macho yangu, inaipa chokaa sura ya zahanati.

Saa 11. Brashi zinaoshwa. Chokaa iliyobaki inafunikwa kwa maji kina cha kidole, isigande. Mkono wa pili ni kesho.