Kubadilisha diski za mbele bila kuua fleksibo

Mara ya kwanza nilipobadilisha diski za breki za mbele hapa nyumbani Katindo, nilimaliza kabla ya saa sita mchana na nikajiona fundi. Wiki tatu baadaye gari likaanza kuvuta kulia. Halikuvuta kwa nguvu, ungeweza kuisingizia barabara, na barabara za Goma hazikosi makosa ya kusingiziwa. Kisha jioni moja tukitoka Sake, mama watoto akasema ananusa kitu kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Nikasimama pembeni, nikasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele kulia. Joto la mbabula, lile jiko la mkaa. Ya kushoto ilikuwa vuguvugu tu.

Makanika aliyekuja kesho yake alikuwa kijana wa kumzaa. Akanyanyua gurudumu kwa kriki, akajaribu kulizungusha kwa mikono miwili, likagoma. Akafungua kidogo skrubu ya kutolea hewa iliyo nyuma ya etriye, yaani ile kaliper inayobana pedi. Mafuta yakaruka tone moja, na gurudumu likalegea palepale.

"Papa, hii fleksibo imekufa kwa ndani. Wakati mulibadilisha diski, etriye muliiweka wapi?"

Sikuiweka popote. Niliiacha ining'inie.

Fleksibo ni ule mpira mweusi mfupi unaotoka kwenye bomba la chuma la breki hadi kwenye etriye. Ndani una tabaka la mpira, juu yake nyuzi zilizosukwa, halafu mpira wa nje. Umetengenezwa kuhimili presha ya mafuta na kujipinda gurudumu linapokata kona, basi. Etriye ya gari dogo ina kilo nne au tano, na ukiiachia, uzito wote unabebwa na ule mpira. Kwa nje huoni kitu. Kwa ndani tabaka linaweza kuchanika, na kipande kilichochanika kikafanya kazi ya mlango wa upande mmoja: ukikanyaga pedali, presha inakisukuma na mafuta yanapita; ukiachia, mafuta yanakosa nguvu ya kurudi, na pedi zinabaki zimebana diski. Sitajibebesha lawama yote. RAV4 yangu ni ya 2004 na fleksibo ile ilikuwa imezeeka kabla sijaigusa. Ila mpira mzee ndio unaotaka kubembelezwa.

Kuubadilisha kukaleta balaa la pili, na hili nalibeba peke yangu. Nati inayounga bomba la chuma na fleksibo ni ya namba 10. Sikumsubiri kijana arudi, nikaishika na spana ya kawaida. Ikateleza, ikala pembe za nati. Nikaikamata kwa koleo, nikazungusha kwa hasira, na bomba lenyewe likazunguka pamoja na nati hadi likajisokota kama kamba ya katani. Nilichotaka kukomboa kwa mpira mmoja kikanidai na bomba. Baadaye niliona kwa yule kijana spana ya nati za bomba: ina mdomo wenye mwanya wa kupitisha bomba, na inashika nati pande tano badala ya mbili. Unapulizia mafuta ya kulegeza kutu usiku, asubuhi unashika fleksibo kwa spana nyingine isizunguke, ndipo unalegeza nati.

Lakini ukibadilisha diski pekee, nati hiyo haikuhusu kabisa. Mfumo wa mafuta haufunguliwi. Hilo ndilo nililoshika mara ya pili, diski zilipoliwa tena hadi zikaota ukingo unaokwaruza ukucha. (Unene wa mwisho unaoruhusiwa umechongwa kwenye diski yenyewe. Vumbi la lava la mji huu linasaga kama msasa, kwa hiyo angalieni mapema.)

Siku hiyo kazi ilianza na waya. Nilichukua ule laini wa mafundi ujenzi, wa kufungia vyuma vya zege, nikaukunja mara tatu na kupinda ncha zote mbili ziwe ndoano. Pia nikaweka karibu bido, yaani dumu, ya njano ya lita 20. Gari likakaa juu ya stendi za chuma, magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe. Mawe ni ya kuzuia tu, si ya kubeba gari: jirani yangu mmoja aliwahi kulaza gari lake juu ya jiwe la lava lenye matundu, likapasuka. Bahati alikuwa ameingia ndani kunywa chai.

Etriye inashikwa na bolti mbili za 14. Baada ya kulegeza ya kwanza niliingiza bido chini yake, ndipo nikatoa ya pili. Etriye ikakaa juu ya bido bila kushtuka. Nikapitisha ndoano moja kwenye tundu la bolti, nyingine kwenye springi ya gari, nikaiinua hadi fleksibo ikalegea kwa mkunjo mpana. Huo mkunjo ndio wa kutazama. Ukiona mpira umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, bado hujafunga vizuri.

Bracketi, kile chuma kinachobeba etriye, ina bolti mbili za 17, ngumu, zinataka mpini mrefu. Diski yenyewe iligoma kwa kutu. Mara ya kwanza niliipiga nyundo kutoka nyuma, pale pale mpira na waya wa sensa ya ABS (mfumo unaozuia gurudumu kufunga) vinapopita, na nashangaa sikuvikata. Safari hii nilitumia matundu mawili yenye uzi yaliyo kwenye uso wa diski. Unaingiza bolti mbili za milimeta 8, unakaza moja kidogo, nyingine kidogo, na diski inajisukuma yenyewe hadi inaachia kwa mlio mmoja. Nikasugua kutu kwenye habu, kitovu diski inapokaa, kwa brashi ya waya, nikaosha mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya, nikapaka grisi pini ambazo etriye inatelezea.

Kurudisha ndani pistoni, ile inayosukumwa na mafuta ndani ya etriye ili pedi zibane, ni sehemu nyingine ya kwenda taratibu. Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, funika tambara kuizunguka kwa sababu mafuta hayo yanakula rangi, halafu bana pistoni kwa klempu ukiweka pedi kuukuu katikati. Ya kulia, yenye fleksibo mpya, iliingia kama inateleza kwenye sabuni. Ya kushoto iliingia pia. Ingekataa, ningelegeza skrubu ya kutolea hewa. Ikikubali hapo tu, ujue mpira umeziba. Usibane fleksibo kwa koleo kuzuia mafuta. Nimeona mafundi wazoefu wakifanya hivyo, na bado nasema usibane.

Wakati wa kurudisha etriye, angalia haijageuka mzunguko mzima ikiwa kwenye waya. Inatokea kirahisi, na bolti zitaingia vilevile huku mpira umesokotwa. Fleksibo nyingi zina mstari au maandishi kwa urefu wake. Yanatakiwa kwenda moja kwa moja, yasiizunguke. Nilimwambia mwanangu akae kwenye usukani, akate kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho, mimi nikimulika kwa tochi ya simu. Mpira haukugusa rimu wala springi. Kisha nikapampu pedali hadi ikawa ngumu, kabla ya kuwasha injini. Nati za gurudumu nikakaza kwa nyutonimita (Nm) 103.

Nikalipeleka gari Munigi, nikageuza, nikateremka polepole kuelekea mjini nikigusa breki na kuachia, kugusa na kuachia, ili pedi zikubaliane na diski. Mzunguko wa kwanza nikasimama kando, nikashuka, nikasogeza kiganja kwenye rimu. Kulia na kushoto, joto lilikuwa moja.