Namba tasa arobaini, halafu 1681

Nilipojiandikisha kwenye kozi hii ya hisabati diskriti (hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja) kwa njia ya mtandao, nilikuwa nimeshaandika programu za kutosha kujiona mjuzi. Programu inafanya kazi, maana yake nini? Unaiendesha, unailisha data, majibu yakitoka sawasawa unafunga kompyuta unaenda kulala. Wengi wetu tumezoea hivyo. Kozi imenitia wasiwasi mpya, na kadiri siku zinavyokwenda nauona ni wasiwasi wenye faida.

Mhadhiri alianza na n² + n + 41, mfano unaojulikana tangu enzi za mwanahisabati Euler. Weka 0 unapata 41. Weka 1, unapata 43. Kisha 47, 53, 61, zote namba tasa. Niliisimamisha video, nikaandika kitanzi kifupi cha programu, yaani amri zinazojirudia, na kuiachia kompyuta iendelee. Mpaka n ikafika 39, jibu lilikuwa 1601, nayo ni namba tasa. Majibu arobaini mfululizo, hakuna hata moja lenye kasoro. Kazini, kitu kilichopita majaribio arobaini tungeshakipeleka kwa wateja.

n ikiwa 40, jibu ni 1681, yaani 41 × 41. Tena kompyuta haikuhitajika kabisa: 40² + 40 ni 40 × 41, ukiongeza 41 nyingine umepata 41 mara 41. Jambo lilikuwa wazi kwenye kanuni yenyewe tangu mwanzo, kwa yeyote ambaye angeiangalia badala ya kuiendesha.

Baada ya hapo ikaja indaksheni, njia ya kuthibitisha dai kwa namba zote kwa mpigo, na hapa ndipo nimekaa muda mrefu kuliko pote. Njia yenyewe ni fupi: onyesha kwamba dai ni kweli kwa namba ya kwanza, kisha onyesha kwamba likiwa kweli kwa k, lazima liwe kweli kwa k + 1. Jumla ya namba witiri, kwa mfano: 1, 1 + 3, 1 + 3 + 5, unapata 1, 4, 9, yaani 1², 2², 3². Ukishafika k², namba witiri inayofuata ni 2k + 1, na k² + 2k + 1 ni (k + 1)². Mistari miwili, na umeshamaliza namba zote zilizopo duniani. Aliyewahi kuandika programu inayojiita yenyewe ataitambua sura hiyo mara moja.

Lakini kipande kilichonishika ni kile cha farasi. Dai: farasi wote wana rangi moja. Farasi akiwa peke yake, hakuna ubishi. Sasa chukulia kila kundi la farasi k lina rangi moja, halafu leta kundi la k + 1. Mtoe wa kwanza, wanabaki k, rangi moja. Mrudishe, mtoe wa mwisho, wanabaki tena k, rangi moja. Wa katikati wamo kwenye makundi yote mawili, kwa hiyo kundi zima lina rangi moja. Lisome tena uone linavyoteleza! Kasoro iko mahali pamoja tu, kutoka farasi 1 kwenda 2, kwa sababu hapo hakuna wa katikati. Kutoka 2 kwenda 3 ni salama, kutoka 1000 kwenda 1001 ni salama. Ngazi nzima imesimama, kasoro kipandio kimoja cha chini. Na programu zetu huvunjikia papo hapo, kwenye orodha yenye kitu kimoja au isiyo na kitu.

Orodha tupu, kwa kweli, inastahili hadithi yake. Kwa mantiki, "kila mtu aliyemo chumbani ana ufunguo" ni kweli hata chumba kikiwa kitupu, maana huwezi kunionyesha hata mmoja asiye nao. Wanafunzi wengi waliona huo ni uhuni wa wanahisabati. Nikafungua Python, lugha ya programu, nikaandika all([]), yaani "je, vyote vilivyomo kwenye orodha hii tupu ni kweli?", ikanijibu True, kweli. Basi fikiria programu inayoruhusu malipo endapo waidhinishaji wote wamekubali, halafu orodha ya waidhinishaji haina mtu. Pesa zinatoka.

Seti na jedwali la ukweli sina la kusema, ni mazoezi ya mkono. Hesabu za uwezekano zina raha yake: watu 23 tu wanatosha kufanya uwezekano wa wawili kuchangia siku ya kuzaliwa upite nusu.

Kinachonikera ni usahihishaji. Mfumo wa kozi unasahihisha maswali ya kuchagua, lakini uthibitisho hauwezi kuusoma, na uthibitisho ndio somo lenyewe. Kwa hiyo mimi na mwanafunzi mwenzangu tunabadilishana majibu na kusomeana. Tumewekeana sheria moja: popote palipoandikwa "ni dhahiri kwamba", msomaji anaandika pembeni, "dhahiri kwa nani?" Sheria hiyo imenifundisha zaidi ya nusu ya video.

Sasa tuko kwenye njia ya Euklidi, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika. 1071 na 462: gawanya, baki 147. 462 kwa 147, baki 21. 147 kwa 21, baki 0. Jibu ni 21. Kilichonifurahisha ni sababu ya kitanzi kusimama: kila baki ni dogo kuliko lililotangulia, na hakuna linaloshuka chini ya sifuri, hivyo lazima kifike mwisho, uchague namba yoyote ile.

Kisha swali la mwisho la zoezi. Namba ikiwa shufwa, igawanye kwa 2, ikiwa witiri, izidishe kwa 3 uongeze 1, rudia. Ukianza na 27 unapanda mpaka 9232 na kuchukua hatua 111 kabla ya kufika 1. Je, kila namba hufika 1? Ni swali lenye jina la mwanahisabati Lothar Collatz, kitanzi chake ni mistari michache tu, na hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba husimama daima. Mhadhiri ameliwekea alama sifuri, bila siku ya mwisho ya kuwasilisha.