Nilivyoishusha na kuijenga upya injini ya 1HZ nyumbani

Gari langu ni Toyota Land Cruiser HZJ75 la miaka ya tisini, lile ambalo hapa Arusha tunaliita mkonga, na kabla ya kufika kwangu lilitumika muda mrefu kubeba watalii kati ya Ngorongoro na Serengeti. Injini yake ni 1HZ, dizeli ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa lita 4.2 na isiyo na turbo, ambayo Toyota ilianza kuitoa mwaka 1990. Nilipolinunua nilijua kabisa kwamba injini imechoka, na bei ilizingatia hilo: asubuhi liliwaka kwa shida, likipanda mlima lilitoa moshi wa buluu, oili ilipungua kila wiki bila tone kuonekana chini, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili huku injini ikinguruma, ilikuwa inapumua kwa nguvu kiasi cha kukichezesha kifuniko mahali pake.

Karibu kila niliyemweleza alinishauri ninunue injini ya mtumba iliyotoka Dubai au Japani, niipachike kwa siku moja, nisahau. Ushauri huo una mantiki kwa mtu anayetegemea gari kwa biashara. Mimi nina gari jingine dogo la kwendea kazini, na nilikuwa na sababu mbili za kukataa. Kwanza, injini ya mtumba ni mbuzi kwenye gunia. Unaisikia ikinguruma juu ya fremu ya chuma dukani, na huwezi kujua silinda zake zikoje mpaka ulipe. Pili, namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na ukibadilisha injini inabidi ufuatilie mabadiliko hayo TRA (Mamlaka ya Mapato), ilhali bloku ileile ikichongwa namba inabaki ileile. Baadaye nilipata sababu ya tatu, nzito kuliko hizo mbili, nayo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Kabla ya kufungua bolti yoyote nilipima mgandamizo wa kila silinda kwa geji ya dizeli, nikiingiza mdomo wake kwenye matundu ya plagi za kupashia moto. Kitabu cha matengenezo kinataka tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 5 kwa sentimita ya mraba. Silinda zangu zote sita zilikuwa zimeshuka, lakini zilishuka pamoja, na tofauti yake ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Hilo lilinifikirisha. Ringi, ile pete inayoziba mwanya kati ya pistoni na silinda, ikivunjika au valvu ikiungua, silinda moja huanguka peke yake na nyingine hubaki nzima. Zote zikianguka kwa usawa, basi huenda kuna kitu kinachoingia kwenye silinda zote, na mara nyingi kitu hicho ni vumbi. Nilifungua bomba la mpira linalotoka kwenye kasha la chujio la hewa kwenda kwenye manifoldi, nikapitisha kidole ndani, kikatoka na unga wa kijivu. Upande wa chini wa bomba, mahali ambapo huwezi kupaona bila kulichomoa, kulikuwa na ufa ulioanzia kwenye klipu. Kwa vyovyote vile, hewa iliyopita hapo haikuwa imechujwa, na barabara ya kutoka Ngorongoro kushuka uwanda wa Serengeti ina vumbi lenye majivu ya volkano, ambalo ni msasa halisi kwa ringi na kuta za silinda. Mkonga wenyewe, yaani lile bomba refu la hewa lililo nje ya gari, hausaidii hapo, kwa sababu kazi yake ni kuvuta hewa kutoka juu tu. Ningeweka injini ya Dubai na kuirudishia bomba lile, ningekuwa nimeipeleka ikafie palepale.

Kushusha injini yenyewe sitakueleza kwa urefu. Bloku ya chuma cha kusubu pamoja na hedi (sehemu ya juu yenye valvu), krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na viambata vyake ni uzito wa zaidi ya kilo 300, hivyo nilikodi winchi ya mnyororo, nikaitundika kwenye miguu mitatu ya mabomba mazito iliyofungwa juu kwa bolti, na giaboksi nikaiegemeza kwa jeki na gogo. Mpwa wangu, aliyekuwa likizo, alipewa kazi moja ambayo naiona ilikuwa muhimu kuliko nguvu za mikono: kupiga picha kila waya na kila bomba kabla halijaguswa, na kuweka bolti za kila sehemu kwenye kopo lake lenye maandishi.

Hedi ilipotoka, juu ya kila silinda palikuwa na ukingo unaoshikika kwa kucha, yaani mahali ambapo ringi hazifiki na kwa hiyo hapakulika. Sikuwa na geji ya kupimia ndani ya silinda, lakini ipo njia isiyohitaji geji hiyo. Unachukua ringi mpya ya saizi ya kawaida, unaiingiza peke yake karibu na juu, chini kidogo ya ukingo, unainyoosha kwa kuisukuma kwa kichwa cha pistoni, kisha unapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Unaishusha mpaka chini, ambako silinda hailiki sana, unapima tena. Tofauti ya miwanya hiyo ukiigawa kwa 3.14 unapata silinda imepanuka kiasi gani juu kuliko chini. Kwangu tofauti ilikaribia milimita 0.6, maana yake silinda ilikuwa imelika karibu milimita 0.19 kwa kipenyo. Kwa hali hiyo kubadilisha ringi pekee, kama ambavyo baadhi ya mafundi hufanya ili gari liuzwe, ni kutupa fedha. Ringi mpya ndani ya silinda yenye umbo la faneli hupanuka na kubanwa kila mara pistoni inapopanda na kushuka, na moshi hurudi mapema.

Nilipeleka bloku na krenki kwenye karakana ya mashine iliyoko Unga Limited. Mzee anayeendesha mashine ya kuchonga silinda aliniuliza kwanza pistoni ziko wapi. Nilimwambia bado sijanunua, nangoja achonge.

“Mwanangu, nikichonga leo nitachonga kwa kipimo cha nani?” alinijibu. “Lete pistoni, nizipime moja moja, ndipo kila silinda nitaipa pistoni yake.”

Nilimshukuru, nikaagiza seti ya pistoni za oversaizi 0.50, yaani kubwa kuliko za kawaida kwa milimita 0.50, kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kwa mtu ninayemfahamu, maana kwenye spea za Toyota boksi zuri si ushahidi wa chochote. Zilipofika, mzee alizipima kwa mikromita, akaandika namba juu ya kila moja, akachonga, akamalizia kwa mawe ya kusugulia yanayoacha mistari myembamba iliyopishana, ile inayoshikilia oili ukutani. Krenki ilikuwa na mikwaruzo kwenye sehemu za konrodi, ikasagwa hadi andasaizi 0.25, yaani milimita 0.25 chini ya saizi ya kawaida, na beringi zikanunuliwa za saizi hiyo. Hedi ilipimwa kwa presha ndani ya maji ya moto kutafuta nyufa kati ya valvu, haikuvuja. Valvu zilisagwa, na gaidi zake (mirija inayoziongoza valvu) na sili zikabadilishwa. Pampu ya dizeli na nozeli nilizipeleka kwa mafundi wa pampu wenye mashine ya kujaribia, kwa sababu hakuna namna ya kuzirekebisha nyumbani kwa kubahatisha.

Bloku iliporudi nyumbani ilionekana safi, na hapo ndipo pa kuwa mkaidi. Mawe ya kusugulia huacha chembe za mchanga mgumu kwenye ile mistari, na petroli au dizeli huondoa mafuta tu huku chembe zikibaki. Niliiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa brashi, kila silinda na kila njia ya oili, mpaka kitambaa cheupe nilichopitisha ukutani kikatoka cheupe. Kisha nilikausha haraka na kupaka oili, maana chuma kilichooshwa hivyo huanza kutu mbele ya macho yako. Injini iliyouawa na vumbi haistahili kuzikwa tena na mchanga wa karakana.

Kuifunga kulikuwa kazi ya utulivu. Vifuniko vya beringi kuu vina namba na mshale, navyo havibadilishani nafasi. Nafasi ya oili kwenye kila beringi niliipima kwa uzi wa plastiki unaobanwa kati ya chuma na chuma, kisha upana wake unalinganishwa na kipimo kilichochapwa kwenye karatasi yake. Nilikuwa natafuta sehemu chache tu za mia za milimita. Pistoni zilipokwisha kuingia, nilipima kwa geji ya saa jinsi kila moja inavyochomoza juu ya bloku, kwa kuwa hedi gasketi ya injini hii ina unene wa aina tatu na uchaguzi wake hutegemea kipimo hicho. Duka litakuuzia yoyote iliyopo, hivyo pima kwanza. Bolti za hedi zilikazwa kuanzia katikati kuelekea pembeni, kwa Nm 68 kwa hatua, halafu kuzungushwa nyuzi 90 (robo mzunguko), halafu nyuzi 90 nyingine. Nilitia alama ya rangi upande wa mbele wa kila kichwa cha bolti ili nisibishane na kumbukumbu yangu. Mkanda wa taimingi uliwekwa mpya bila mjadala, kwa kuwa umri wake ni kilomita 100,000 na ukikatika pistoni hukutana na valvu.

Siku ya kuwasha nilichomoa kwanza waya wa swichi inayokata dizeli kwenye pampu, nikazungusha injini kwa stata, kwa vipindi vifupi, mpaka geji ya oili ikapanda. Ndipo nikarudisha waya na kutoa hewa kwenye dizeli kwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Iliwaka kwa moshi mwingi mweupe, ikasafika. Sikuiacha iungurume bure uani. Ringi mpya hukaa vizuri zikisukumwa na mgandamizo, na injini ikizoeshwa kwa kubembelezwa kuta za silinda hung’aa kama kioo na oili hupita milele. Kwa hiyo nililiendesha barabara ya Namanga hadi Longido, nikipandisha na kushusha mwendo, bila kulilemea na bila mwendo mmoja wa muda mrefu. Oili ya kwanza, ya kawaida isiyo ya bei kubwa, niliimwaga baada ya kilomita 500.

Baada ya kilomita 1,000 nilifungua tena kifuniko cha valvu kupima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.15 hadi 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.35 hadi 0.45 kwa za kutolea. Mbili za kutolea zilikuwa zimebana, nikabadilisha vibati vya kurekebishia nafasi hiyo. Kifuniko cha oili sasa kinatulia, na oili haijashuka kwenye kijiti tangu nilipoibadilisha mara ya pili. Bomba la mpira ni jipya, lina klipu mbili kila upande, na kila ninapobadilisha chujio nalichomoa na kupitisha kidole ndani. Kuna unyevu mdogo wa oili nyuma, panapokutana injini na giaboksi, ambao nahisi ni sili ya krenki; nitaishughulikia klachi itakaposhushwa.