Nilivyosawazisha Matairi ya Mbele ya Lori kwa Shanga za Ndani

Kwa miezi kadhaa usukani wa lori langu ulikuwa ukitetemeka kila nilipokaribia kilomita 80 kwa saa, na nikipunguza hadi 60 unatulia kana kwamba haujawahi kuwa na kasoro. Mara mbili nilipeleka magurudumu ya mbele yakabandikwa vipande vya risasi vya kusawazisha uzito kwenye ringi. Nafuu ilidumu wiki chache tu, kwa kuwa kipande kimoja kilibanduka na tairi la pili lililika kiasi kwamba uzito uliopimwa mwanzoni haukulifaa tena. Ndipo nikaamua kujaribu shanga, yaani punje za kioo za mviringo, ndogo kuliko mtama, zinazowekwa ndani ya tairi na kuachwa zitembee humo.

Nilikuwa na shaka, kwa sababu akili ya kawaida inasema punje hizo zitakimbilia upande mzito na kuuzidishia uzito. Kumbe gurudumu lililobebwa na springi, likishazunguka kasi kuliko mtikisiko wa asili wa springi hizo, haliendelei kuzunguka katikati ya ekseli kikamilifu. Huelekea kuzunguka kwenye kitovu cha uzito wake, hivyo upande mwepesi ndio unaokuwa mbali zaidi na kitovu hicho, na shanga husukumwa huko. Kwa sababu hiyo hiyo mashine ya kusawazishia haifai kuzipima: mhimili wake umeshikwa imara, hauchezi. Baadaye fundi mmoja alilipandisha gurudumu langu lenye shanga mara tatu kwenye mashine, akapata namba tatu tofauti, kisha akanirudishia akicheka.

Kabla ya kuzitia nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Niliinua ekseli kwa jeki, nikaweka kipande cha chuma karibu na uso wa tairi, nikalizungusha kwa mkono. Upande wa kulia mwanya ulibaki vilevile, lakini kushoto ulikuwa ukipanuka na kubana, na tatizo likaonekana kuwa ringi iliyopinda. Shanga haziwezi kunyoosha ringi wala kuponya beringi iliyolegea au shokomzoba inayovuja mafuta. Nilibadilisha ringi hiyo, na kusema kweli karibu nusu ya mtetemeko iliondoka hapo hapo, kwa hiyo sifa yote isiende kwa shanga.

Niling'oa risasi zote za zamani, kisha nikatoa upepo wote. Tairi la kushoto, kwa kuwa lilikuwa nje ya ringi, nililikausha ndani kwa kitambaa na kumimina gramu 340, kiasi kilichotajwa kwenye jedwali la mtengenezaji kwa ukubwa wa 295/80R22.5. La kulia sikutaka kulivua, nikazipitisha kwenye valvu iliyotolewa sindano, yaani kile kiini cha ndani kinachozuia upepo usitoke, kwa chupa na mpira mwembamba. Kazi hiyo ilinila karibu saa nzima, maana kila punje mbili tatu zikikwama mlangoni inabidi uligonge bomba mpaka zishuke.

Kosa langu lilikuwa kurudisha sindano ya kawaida badala ya ile yenye kichujio. Kesho yake nilipopima upepo nilisikia mluzi mwembamba usiokoma. Punje moja ilikuwa imekaa kwenye kiti cha sindano, na povu la sabuni lilichemka juu ya valvu. Ilibidi nitoe upepo upya na kufunga sindano yenye kichujio. Tangu hapo, kabla ya kupima huzungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu, nikaingiza upepo kidogo kwanza ili kuzifukuza punje, ndipo nikaweka kipimo.

Barabarani, lori likitambaa, husikika mchakacho kama wa mchanga kwenye kibuyu, kisha mwendo ukiongezeka hunyamaza. Nilipofika 80 usukani ulitulia mikononi, ingawa kila ninapoanza safari baada ya kusimama huwapo mtikisiko mdogo wa sekunde chache kabla punje hazijapata mahali pake, na shimo kubwa barabarani huzitawanya kwa muda. Kwa ekseli ya mbele naona inafaa. Kwa magurudumu pacha ya nyuma, ambayo hayakuwa yakinisumbua, sikuona sababu ya kuhangaika.

Miezi iliyofuata mtetemeko ulirudi polepole upande wa kulia. Nilipolivua tairi nilikuta shanga zimeshikana vidonge vidonge, zimepakana na vumbi jeusi la mpira lililolowana, kwa sababu upepo niliokuwa nikijazia ulitoka na maji ya kwenye tangi la kompresa. Nilizimwaga, nikaukausha ukuta wa ndani, nikaweka shanga mpya za kiasi kilekile. Siku hizi hufungua koki ya chini ya tangi na kuyamwaga maji yote kabla sijagusa mpira wa upepo.