Sedani mpya ya kimichezo: kilomita 2,000 za kwanza

Ukikabidhiwa funguo za sedani mpya ya kifahari yenye nguvu za kimichezo, iwe BMW M3, Alfa Romeo Giulia Quadrifoglio, Mercedes-AMG au Porsche Panamera, hamu ya kutoa hukumu huja mapema mno. Gari gumu. Usukani mzito. Breki zinachelewa. Kuna mlio huko nyuma. Nyingi ya hukumu za wiki za mwanzo hazilihusu gari lenyewe. Zinahusu upepo uliozidi kwenye matairi, pedi ambazo hazijazoeana na disiki zake, na mipangilio iliyoachwa vilevile ilivyotoka kiwandani. Gari la aina hii humfikia mwenyewe likiwa na kazi ambayo haijaisha, na anayeimaliza ni dereva. Ndiyo maana nashauri uzuie ulimi mpaka kilomita 2,000 zipite, na ujue cha kufanya katika kipindi hicho.

Anza na upepo. Magari husafirishwa matairi yakiwa yamejazwa kupita kiasi ili yasipate ubapa yakikaa muda mrefu yamefungwa melini au juu ya lori. Muuzaji anapaswa kuupunguza kabla ya kukabidhi gari, na hatua hiyo husahaulika kirahisi. Sedani iliyoandikiwa bar 2.5 (bar ni kizio cha mgandamizo wa upepo) ikiwa na bar 3.3 hurukaruka kwenye kila kiungo cha lami, hukamata vibaya kwenye kona, na mwenye gari hubaki akilaumu shokabu. Pima asubuhi, gari likiwa halijatembea. Vipimo sahihi viko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na mara nyingi kina safu zaidi ya moja: ya abiria wachache, ya mzigo kamili, na kwa baadhi ya magari haya, ya mwendo mkali sana. Chagua inayolingana na matumizi yako. Usipunguze upepo tairi likiwa la moto, maana kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi upepo huongezeka kwa takriban bar 0.1, ukitoa ziada hiyo jioni, asubuhi tairi litakuwa chini ya kipimo. Ukishamaliza, ingia kwenye menyu uweke upya kipimo cha mfumo wa upepo, la sivyo kompyuta itaendelea kufuata takwimu za zamani.

Tairi jipya pia halishiki barabara vizuri. Uso wake ni laini na bado una mabaki ya kilainishi kilichotumika kulitoa kwenye kalibu. BMW huwataka madereva waende kwa uangalifu kwa kilomita 300 za kwanza za tairi jipya. Kwenye gari la nguvu farasi 510 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lami ikiwa mbichi kwa mvua, onyo hilo lichukue kwa uzito wote.

Halafu kuna suala la kimo cha tairi. M3 Competition huvaa 285/30 R20 nyuma. Namba ya kati inamaanisha kuwa ubavu wa tairi ni asilimia 30 ya upana wake, yaani takriban milimita 85. Tairi la kawaida la 205/55 R16 lina milimita 113 hivi. Zile milimita 28 zinazokosekana ndizo ambazo zingemeza shimo la barabarani, na zisipokuwepo, pigo hupokelewa na rimu. Ukianza kuhisi usukani unatetema kati ya kilomita 90 na 120 kwa saa, anza na balansi. Balansi ikifanywa na mtetemo ukabaki, mwambie fundi aizungushe rimu kwenye mashine bila tairi. Rimu iliyopinda kwa ndani haionekani ukiwa umesimama nje. Na kwa kuwa magurudumu ya magari haya hulazwa kidogo kwa juu kuelekea ndani ili yashike vizuri kwenye kona, ukingo wa ndani wa tairi huisha kabla ya ule wa nje. Kata usukani mpaka mwisho, chuchumaa, upapase ukingo wa ndani kwa kiganja. Watu wengi huangalia upande wa nje tu, wakaja kushtuka nyuzi za ndani ya tairi zimeshatokeza.

Sasa injini. Kila mtengenezaji ana masharti yake ya kuilainisha, na yamo kwenye kitabu cha gari. Kwa magari ya BMW M, tawi la kimichezo la BMW, ni kilomita 2,000 bila kuvuka mizunguko 5,500 kwa dakika wala kilomita 170 kwa saa. Porsche husema mizunguko 4,000 kwa kilomita 3,000 za kwanza. Mercedes-AMG huweka kilomita 1,500. Tofauti hizo zisikuchanganye, kwani sababu ni moja: ringi za pistoni zinatakiwa zikae sawasawa kwenye kuta za silinda, na beringi na meno ya gia zipate nyuso zake za kudumu.

Kosa la kwanza linalojulikana ni kukanyaga mafuta mpaka mwisho siku ya kwanza. La pili halisemwi sana, nalo ni kuibembeleza injini kupita kiasi. Ukitambaa na gia ya juu kabisa kwenye mizunguko 1,300 halafu ukalikandamiza pedali, au ukawasha kidhibiti mwendo cha safari (cruise control) ukakaa kwenye kasi ileile kwa saa nzima, ringi hazipati mgandamizo unaopanda na kushuka unaozikalisha vizuri. Barabara yenye vilima na kona ndiyo bora. Panda mpaka mizunguko 4,000, achia pedali injini ijizuie yenyewe, panda tena. Badilisha gia wewe mwenyewe badala ya kuliachia giaboksi, maana likiwa kwenye hali ya kawaida hukimbilia gia za juu ili kubana mafuta.

Kila safari mpya ianze kwa upole. Maji ya injini hufika nyuzi 90 mapema, oili ikiwa bado iko nyuzi 50 hivi. Kipimo cha kutazama ni cha oili. Subiri kifike 80 kabla ya kudai nguvu. BMW M wamerahisisha jambo hili kwa eneo la tahadhari kwenye kipimo cha mizunguko, ambalo husogea kadiri injini inavyopata joto. Usikae umesimama injini ikinguruma ili ipate moto. Washa, subiri sekunde chache, ondoka taratibu.

Ukifika kilomita 2,000 na gari ni BMW M, usiiruke huduma yake ya kwanza. Humwagwa oili ya injini, hubadilishwa chujio, na humwagwa oili ya difu, yaani gia za nyuma zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Hiyo ya difu ndiyo wengi huiona ni gharama ya bure. Meno ya difu mapya yanaposuguana hutoa chembe za chuma, na difu haina chujio kama injini. Chembe hizo huzunguka humo humo mpaka mtu azitoe. Difu za magari haya zina klachi za sahani ndani yake za kugawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, na oili chafu huzifanya zikwaruze. Anayenunua gari lililokwisha kutembea kilomita 5,000 aulize rekodi ya huduma hii kabla ya kuuliza kitu kingine.

Breki zinahitaji kilomita 500 hivi kabla hazijafikia uwezo wake. Unachotafuta ni tabaka jembamba la pedi lililotandazwa sawasawa juu ya disiki. Kama kitabu cha gari hakina utaratibu tofauti, tafuta barabara tupu na salama, endesha kilomita 100 kwa saa, kanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka 30, achia, ongeza mwendo tena. Fanya hivyo mara nane hadi kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha kilomita kadhaa bila kugusa breki zipoe. Kusimama huku umekanyaga pedali disiki zikiwa za moto ndiko kunakoharibu: pedi huacha alama mahali ilipoganda, na baadaye breki hutetema kila ukipunguza mwendo. Gereji nyingi zitakuambia disiki imepinda. Mara nyingi ni alama hiyo tu, na ikiwahiwa huondoka kwa kurudia utaratibu uleule. Baada ya kuosha gari, zunguka kidogo ukigusa breki ili disiki zikauke. Ukiliegesha na maji yake kwa siku kadhaa, pedi hushikana na kutu na gari hutoa mlio wa kung'oka linapoondoka.

Niseme kuhusu milio mingine, kwa sababu ndiyo inayowarudisha watu dukani bure. Ukizima gari, feni na pampu ya maji ya umeme zinaweza kuendelea kufanya kazi kwa dakika kadhaa: zinapoza turbo. Ukiwasha asubuhi, mizunguko hupanda kuliko kawaida kwa muda mfupi ili kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi kipate joto, hutulia chenyewe. Na ule mrukoruko wa magurudumu ya mbele unapokata usukani mpaka mwisho kwenye maegesho, hasa kwa baridi, unatokana na jiometri ya usukani pamoja na matairi mapana yenye mpira mgumu. Katika kona kali magurudumu mawili ya mbele hutakiwa kupita njia tofauti. Jiometri iliyopangwa kwa mwendo mkali haiyapi tofauti ya kutosha, hivyo moja huburutwa, hushika, huachia. Mrukoruko huo hauvunji kitu. Matairi ya majira ya joto hukakamaa zaidi joto likishuka chini ya nyuzi 7, na hapo tatizo kubwa ni mshiko wa barabarani, mrukoruko ni dalili tu. Kinachostahili fundi ni mgongano wa chuma unaorudia kila unapopita tuta, mlio unaopanda kulingana na kasi ya gari hata ukiachia mafuta, au harufu ya oili.

Kuhusu mipangilio nina msimamo. Hali ya kimichezo ya shokabu ni kwa lami laini kabisa. Kwenye barabara yenye mikunjo, shokabu ngumu hulifanya tairi liruke juu ya bonde badala ya kulifuata, na tairi lililo hewani halina mshiko. Weka injini kwenye hali kali, shokabu kwenye laini, usukani kwenye mwepesi. Uzito wa usukani wa kimichezo huongezwa na mota ya umeme, hauleti habari zaidi kutoka barabarani. Kwenye M3 unaweza kuhifadhi mpangilio huo kwenye kitufe chekundu cha M1 kilicho juu ya usukani, ukauita kwa kidole kimoja. Pedali ya breki nayo ina hali mbili kwenye gari hilo; ya starehe ni rahisi kuipimia nguvu mjini. Mfumo wa kuzuia kuteleza uache ukiwa umewashwa kikamilifu kipindi chote hiki. Matairi hayajawa tayari, na wewe bado hujalijua gari.

Mafuta: soma ndani ya kifuniko cha tangi. Injini nyingi za aina hii zimepimwa kwa oktani 98, nyingine hukubali 95; oktani ni kipimo cha jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo bila kujilipukia. Oktani ikipungua, vihisi hugundua mlipuko wa mapema na kompyuta huchelewesha cheche ili kuilinda injini. Gari halitaharibika papo hapo, ila nguvu ulizolipia hazitakuwepo zote.

Oili nayo haina kijiti kwenye mengi ya magari haya. Hupimwa kwenye skrini, injini ikiwa ya moto na gari likiwa mahali tambarare. Injini mpya hunywa oili kidogo, hivyo pima kila ukijaza tangi mara mbili au tatu. Unapoongeza, angalia namba ya kibali cha mtengenezaji iliyoandikwa kwenye kopo, kwa kuwa unene pekee hautoshi: oili mbili za 0W-30 zinaweza kuwa na viungo tofauti kabisa. Usijaze kupita alama ya juu.

Fungua buti siku ya kwanza. Huenda hutakuta tairi la akiba, utakuta chupa ya dawa ya pancha na pampu ndogo, pamoja na kulabu ya kuvutia gari ambayo hufungwa kwenye tundu la bampa. Dawa hiyo huziba tundu dogo la msumari kwenye uso wa tairi. Ubavu ukichanika haisaidii kitu, na chupa yenyewe ina tarehe ya kuisha. Kwenye miinuko ya kuingilia maegesho, ingia kwa mshazari, gurudumu moja kwanza, ili mdomo wa bampa usikwaruze. Na funguo zilale mbali na gari. Kwenye baadhi ya magari zikiwa karibu huizuia kompyuta isilale, na betri huisha bila sababu inayoonekana.

Baada ya huduma ya kwanza, ongeza mizunguko kidogo kidogo. BMW M hutaka programu ya kuondoka kwa kasi ya juu isitumike kabla ya kilomita 5,000, na subira hiyo inalilinda difu na giaboksi zaidi kuliko injini. Siku hiyohiyo ya huduma omba gereji ipime alaimenti, yaani pembe za magurudumu, na kukupa karatasi ya vipimo, hata kama hakuna kilichorekebishwa. Ihifadhi pamoja na kitabu cha gari. Tairi likianza kuisha upande mmoja baada ya shimo fulani, karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha ni gurudumu gani limehama na kwa kiasi gani.